Ufundi wa Kuitikia: Waimbaji wa Nyuma Katika Makanisa ya Meru na Embu

Anayetaka kujua kama waitikiaji wa kanisa fulani wanaijua kazi yao asitazame jukwaa. Na asimame karibu na mlango wa nyuma, wanapokaa akina mama wenye watoto wachanga na wazee waliochelewa kwa sababu ya kukamua ng'ombe, atege sikio. Mama yule akiwa anaimba kwa kifua wazi, na mzee aliye kando yake ameshaipata besi yake bila kuhangaika, basi huko mbele wamo watu wanne au watano wanaofanya kazi nzuri sana. Watu wakiwa wamesimama kimya wanatazama, waitikiaji wameshindwa, hata sauti zao ziwe tamu namna gani.

Kipimo hicho ni kikali, lakini ni cha haki. Katika makanisa mengi ya Meru na Embu na maeneo yaliyo kati yao, kuanzia Maua na Nkubu hadi Chuka, Runyenjes na Siakago, ibada ya Jumapili siku hizi hufunguliwa na timu ya sifa na kuabudu: kiongozi mmoja, kinanda, ngoma, pengine gitaa la besi, na waitikiaji kati ya watatu na sita ambao vijana huwaita bekapu. Kiongozi ndiye anayetambulika. Mpiga kinanda mzuri hualikwa hadi makanisa jirani. Waitikiaji hupangwa mstari mmoja pembeni, wakavalishwa sare, wakaambiwa wamsaidie kiongozi, na mara nyingi hatokei mtu wa kuwaeleza wamsaidie vipi.

Hasara yake ni kubwa, kwa sababu eneo hili la mashariki ya Mlima Kenya lina urithi wa kuitikia ambao makanisa mengi duniani yangeutamani.

Ulianza kabla ya kinanda. Wapiga ngoma wa Chuka, wanaojulikana Kenya nzima kwa ngoma zao ndefu wanazozibana katikati ya miguu, huimba kwa mtindo wa mmoja kutoa na wengi kupokea. Akina mama wa Embu wanaocheza kamveti hufanya vivyo hivyo. Katika uimbaji wa namna hii, wapokeaji hawasubiri kiongozi amalize kabisa. Mara nyingi huingia silabi yake ya mwisho ikiwa bado hewani, naye hurudi kabla wao hawajanyamaza, hivi kwamba wimbo haupati shimo la ukimya. Yeyote aliyewahi kusikia pambio likikokotwa, kiongozi akimaliza, kimya kidogo, ndipo waitikiaji waingie kwa kusitasita, anajua ni kitu gani kimepotea hapo.

Wamisionari walikuja na utaratibu mwingine. Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) walifungua kituo Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa Shirika la Consolata na Wamethodisti walifika Meru katika muongo huohuo, na Wamethodisti wakajenga makao Kaaga, pembeni ya mji wa Meru. Kanisa la Scotland lilishika Chogoria, ambako Daktari Archibald Irvine aliwasili mwaka 1922 na kuanzisha hospitali inayotibu watu hadi leo. Kila kituo kilikuwa na shule, na kila shule ilikuwa na nyimbo.

Nyimbo hizo zilifundishwa kwa do-re-mi ya herufi, mfumo ulioenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen (1816–1880) baada ya kuuboresha ule wa mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mistari mitano wala kinanda. Ubao, chaki na mwalimu mwenye sikio zuri vinatosha. Kwa njia hiyo sauti nne za kwaya zilifika vijijini kabla ya barabara za lami na umeme. Matunda yake bado yanasikika mazishini: wimbo wa kitabuni ukianzishwa chini ya migomba, bila chombo chochote, waombolezaji hugawanyika wenyewe, hawa wakachukua ya kwanza, wale ya pili, wazee wakashuka besi. Hakuna anayewapanga.

Kisha yakaja mapambio. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937. Ulileta nyimbo fupi zisizohitaji kitabu, maarufu zaidi ikiwa Tukutendereza ya Kiganda, ambayo wazee wa uamsho huimba wakisalimiana hadi leo. Pambio ni wimbo wa mwitikio tangu mwanzo hadi mwisho. Bila waitikiaji halisimami. Kwa upande wa Wakatoliki, mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 iliruhusu lugha za wenyeji katika ibada na kutaka muziki wa asili wa kila watu upewe heshima yake. Jimbo Katoliki la Embu lilipoanzishwa mwaka 1986 chini ya Askofu John Njue, ngoma na kayamba kwenye misa havikuwa tena vitu vya kushangaza.

Kwa hiyo kijana anayeshika maikrofoni leo mjini Embu amerithi mambo matatu: kupokea kwa wakati, kugawa sauti nne, na kuimba bila karatasi. Vipo vizazi vya waimbaji walioyajua yote matatu bila kusikia habari za sauti za jukwaani.

Kilichobadilisha hali ni umeme na rekodi. Nyimbo nyingi za kuabudu sasa huja kupitia simu, kutoka Nairobi, Tanzania, Nigeria au Afrika Kusini. Vyuo vikuu vya eneo hili vimeongeza kasi hiyo. Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU, kilipata hati yake mwaka 2006. Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru mwaka 2013. Embu mwaka 2016. Vyama vya wanafunzi Wakristo vyuoni vina timu za kuabudu zenye ari kubwa, na mwanafunzi akirudi nyumbani likizo huja na nyimbo mpya. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba rekodi hudanganya sikio. Studioni, waitikiaji watatu wanaweza kurekodiwa mara nne au tano, safu juu ya safu, hadi wakasikika kama watu kumi na watano. Kundi la Joyous Celebration la Afrika Kusini, linaloigwa sana, ni kwaya nzima yenye waimbaji wengi na bendi kamili. Waitikiaji wanne wa kanisa la mtaani wakitaka kutoa mshindo ule watapasua koo, na mshindo hautapatikana. Wanaloweza kupata ni usafi, na huo hauhitaji wingi wa watu.

Usafi huanza na jambo ambalo timu nyingi hulikosa: waitikiaji wasiimbe wote sauti ya kwanza. Kiongozi tayari anaibeba. Watu wanne wakiirudia kwenye maikrofoni, wanamfunika yeye na hawaongezi kitu. Kazi ya mwitikiaji ni kuujaza wimbo pale palipo wazi. Kiongozi akiwa kwenye so, sauti ya pili inakaa vizuri kwenye mi, ya tatu inapata do, na wimbo unasikika umekamilika kwa watu watatu tu. Kiongozi akishuka mi, ya pili inakwenda do, na ya tatu inaweza kushika so iliyo chini.

Jaribio halisi linakuja pale wimbo unapohama. Wapiga kinanda wa makanisani huzitaja kodi, yaani noti kadhaa zinazosikika pamoja, kwa namba, na mapambio mengi hayavuki tatu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Kodi ya kwanza ni do-mi-so. Ya nne ni fa-la-do. Mwitikiaji aliyeng'ang'ania mi wakati kinanda kimekwenda ya nne anagongana na fa, na kati ya mi na fa kuna nafasi ndogo mno, nusu hatua tu. Hapo ndipo msikilizaji hukunja uso asijue sababu. Dawa yake ni fupi: aliye mi apande fa, aliye so apande la, aliye do abaki alipo. Kila mmoja amesogea hatua moja au hakusogea kabisa. Waitikiaji wenye uzoefu hufuata kanuni hii hata kama hawajawahi kuitamka, kwamba sauti ya ndani huenda kwa hatua fupi na huacha kurukaruka kwa kiongozi. Kundi likikaa nusu saa na kinanda likizunguka kodi hizo tatu polepole, kwa herufi za do-re-mi na bila maneno, litakuwa limemaliza nusu ya matatizo yake.

Nusu nyingine ni kuunganika. Sauti mbili zinazokaribiana bila kulingana hufanya jambo linaloweza kupimwa. Mmoja akiimba mawimbi 440 kwa sekunde, ambayo ndiyo A ya kusawazishia vyombo, na mwenzake akaimba 444, msikilizaji atasikia mtetemo wa mara nne kila sekunde, kama sauti inayotikiswa. Wakikaribiana zaidi, mtetemo hupungua. Wakilingana, hutoweka, na sauti mbili zinakuwa moja kubwa. Ndiyo sababu mwitikiaji huzima pia ule mtikisiko wa makusudi ambao waimbaji wa peke yao huupenda. Mtikisiko huo huenda mara tano hadi saba kwa sekunde, na kila mtu ana kasi yake. Watu watatu wakitikisa kila mmoja kwa kasi yake, kodi haishikiki.

Halafu kuna irabu, na hapa Meru na Embu zina mtihani wao wenyewe. Kiswahili kina irabu tano. Kimeru na Kiembu vina saba, kwa sababu ĩ na ũ ni irabu kamili, tofauti na i na u. Ibada moja inaweza kuanza kwa Kiingereza, ikaingia Kiswahili, ikamalizikia Kimeru, na midomo hubeba mazoea ya lugha moja kwenda nyingine. Waitikiaji wawili wakiimba noti ileile, mmoja kwa ĩ na mwenzake kwa i, watasikika kama walioachana noti ingawa wako pamoja. Mwalimu wa kwaya anayejua kazi husimamisha wimbo hapo hapo, akawatazamisha midomo, akawataka waifungue sawa. Nyimbo za Kiingereza zina shida nyingine: maneno yanayoishia kwa s. Watu watano wakiitamka s hiyo kwa nyakati tano tofauti, maikrofoni hutoa mlio kama wa maji yanayomwagika. Timu nzuri humchagua mtu mmoja aitamke, wengine wakaimalizia kwenye irabu. Maneno ya Kiswahili huwanusuru kwa kuwa huishia kwa irabu.

Lugha hizi za mlimani zina jambo jingine ambalo Kiswahili hakina: toni. Neno hupanda na kushuka, na kupanda huko ni sehemu ya maana. Tenzi zilizotafsiriwa kwa tuni za Ulaya mara nyingi zilipanda pale neno liliposhuka, na waumini walizizoea tu. Katika uimbaji wa asili, sauti ya pili hukimbia sambamba na ya kwanza: ikipanda inapanda nayo, ikishuka inashuka nayo, ili neno libaki neno katika midomo yote. Mtunzi au mwitikiaji anayeongezea sauti kwenye pambio la Kimeru au Kiembu ana sababu nzuri ya kufuata njia hiyo. Sauti zinazokwenda kinyume, moja juu nyingine chini, hupendeza kwenye wimbo wa Kiingereza. Kwenye lugha ya toni zinaweza kulivuruga neno ambalo mzee wa benchi la nyuma alikuwa karibu kulishika.

Sasa sauti kubwa. Mwaka 1911 tabibu Mfaransa Étienne Lombard alieleza jambo ambalo kila kanisa lenye spika linalifahamu: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Ngoma ikiongezwa, kinanda kinaongezwa, waitikiaji wanapiga kelele, fundi wa mitambo anapandisha, na kufikia wimbo wa tatu kila mtu anapambana na mwenzake. Koo za waitikiaji ndizo huumia kwanza, maana ngoma haina koo. Suluhisho si kumnunulia kila mtu maikrofoni mpya. Ni kuwageuzia waitikiaji spika moja ndogo ili wajisikie, kumwomba mpiga ngoma apunguze, na kukubaliana kwamba mwitikiaji asiyemsikia kiongozi tayari anaimba kwa nguvu kupita kiasi.

Maikrofoni yenyewe ina adabu zake. Aina iliyoenea zaidi duniani, SM58 ya kampuni ya Shure, ilitoka mwaka 1966, na zilizo nyingi makanisani zimeiga umbo lake: kichwa cha wavu cha mviringo kinachopokea zaidi sauti ya mbele na kukataa ya nyuma. Vijana hupenda kukifumbata kichwa hicho kwa kiganja kama walivyoona kwenye video. Kikifumbatwa, maikrofoni hupoteza uwezo wa kukataa sauti za nyuma, ikaanza kuzidaka spika, na mlio mkali unalipasua kanisa. Umbali nao una sheria. Mdomo ukiikaribia sana, besi huvimba na sauti huwa nzito; ukiwa mbali, huwa nyembamba. Waitikiaji watatu walioishika kwa umbali wa aina tatu hawataunganika hata wakiimba sawasawa, na fundi hawezi kuwarekebisha kwa sababu wanabadilika kila mstari. Upana wa vidole vinne, kwa wote, ni mwanzo mzuri.

Kuna siku maikrofoni haisaidii. Mteremko huu wa Mlima Kenya hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na makanisa mengi yameezekwa kwa mabati bila dari. Mvua ya Aprili ikishuka juu ya bati, mahubiri husimama. Hapo huonekana waitikiaji walioiva. Hawashindani na mvua. Huteremka hadi karibu na viti, wakaanza pambio ambalo kila mtu analijua, kwa makofi na sauti nne, na kanisa lote likaingia. Umeme ukikatika ni vivyo hivyo. Timu inayotegemea kinanda kuipa kila noti hubaki imeduwaa. Iliyofundishwa kuimba bila chombo haikosi la kufanya. Kwa sababu hii pekee, mazoezi ya bila kinanda yanastahili nafasi kila wiki.

Kuchagua kii, yaani kimo ambacho wimbo utaimbiwa, ni kazi ya kiongozi, lakini wanaolipia ni waitikiaji na waumini. Sauti za wanawake na wanaume hutofautiana kwa karibu oktavu nzima, na kiongozi mwanamke mwenye sauti ya juu akichagua kii inayomfaa yeye peke yake, teno hukosa pa kukaa: juu hafiki, chini amekuwa besi. Waongozaji waangalifu hujaribu kuhakikisha kwamba noti ya juu kabisa ya wimbo wa kusanyiko haivuki D, kibonye cheupe cha tisa ukihesabu kutoka C ya katikati ya kinanda. Wanaume wataiimba oktavu moja chini. Kupandisha kii mwishoni ili kuamsha watu ni desturi inayopendwa, na hakuna ubaya, lakini ikifanywa mara tatu katika wimbo mmoja, wanaonyamaza kwanza ni wale wa viti vya nyuma.

Mwitikiaji humsoma kiongozi kwa macho. Nyimbo za kuabudu hazina mwisho uliopangwa. Kiongozi anaweza kurudia kiitikio mara sita, akarudi kwenye beti, au akanyamaza ili watu waombe. Kila kanisa lina ishara zake: mkono ulioinuliwa kumaanisha kurudia, vidole vinavyozungushwa, ngumi ya kufunga. Ishara hizo zikikubaliwa mazoezini, hakuna atakayeshtuka Jumapili. Mwitikiaji anayeimba akiwa amefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho anaweza kuwa na moyo safi kabisa, lakini hataiona ngumi ikifungwa. Madoido yale ya kupanda na kushuka katikati ya mistari ni ya kiongozi. Akiyafanya kiongozi, waitikiaji wanashika mstari ulionyooka ili waumini wasipotee. Wakiyafanya wote, waumini hawana wa kumfuata.

Kazi hii ni ngumu, na ulimwengu umechelewa kuitambua. Filamu ya Marekani 20 Feet from Stardom, iliyotoka mwaka 2013 na kushinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi, iliwasimulia waimbaji wa nyuma kama Darlene Love, Merry Clayton na Lisa Fischer, ambao sauti zao zinajulikana duniani kote na majina yao hayajulikani. Wengi kati yao walianzia makanisani. Cissy Houston, mama yake Whitney, aliliongoza kundi la Sweet Inspirations lililomwitikia Aretha Franklin. Hapa Kenya, mwimbaji wa injili Reuben Kigame aliliweka kundi lake kwenye jina lenyewe, na kwa miaka mingi kanda zimetoka kwa jina la Reuben Kigame na Sifa Voices. Ni heshima ndogo ambayo kanisa lolote linaweza kuiiga kwa kutaja majina ya waitikiaji pale linapomtaja kiongozi.

Afya ya sauti haipaswi kuachwa kwa bahati. Nyuzi za sauti za mwanamke hugongana karibu mara 200 kwa sekunde anapoongea tu, na za mwanamume zaidi ya mara 100. Katika kuimba, idadi hiyo hupanda pamoja na noti. Kijana aliyeimba kesha la Ijumaa hadi alfajiri, akaimba mazishini Jumamosi, kisha akaamka kwenye baridi ya Julai kuimba ibada mbili, ametumia nyuzi hizo kuliko mwalimu aliyefundisha wiki nzima. Maji anayokunywa dakika tano kabla ya ibada hayapiti kwenye nyuzi hizo. Huzifikia kupitia damu, na hiyo huchukua muda, kwa hiyo maji ya maana ni yale ya tangu jana yake. Kuamsha sauti kwa kuvumisha midomo iliyofungwa, kuanzia chini na kupanda polepole kwa dakika kumi, ni bora kuliko kuingia moja kwa moja kwenye wimbo wa kelele. Uchakacho unaozidi wiki tatu si wa kuombewa tu. Ni wa kupelekwa pia hospitali. Na mwitikiaji mwenye mafua apewe ruhusa ya kukaa benchi bila kuonekana mlegevu wa imani.

Ufundi wote huu unahitaji muda, na muda ndio mgumu kupatikana. Mazoezi ya Jumamosi alasiri hugongana na chai ya kuchuma, soko, mazishi na ratiba za wanafunzi. Makanisa mengi hufanya harambee ya kununua spika kwa urahisi zaidi kuliko yanavyotenga saa mbili za mwalimu. Hapo ndipo mpango unapokosewa. Spika za maelfu ya shilingi hupaza makosa kwa uaminifu uleule zinaopazia uzuri.

Na walimu wapo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefanya shule za Meru, Tharaka-Nithi na Embu kuwa na walimu wanaojua do-re-mi, wanaojua kugawa sauti na kusahihisha irabu, na ambao kila mwaka huandaa watoto kwa mashindano kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Wengi wao hukaa kwenye mabenchi ya makanisa hayahaya kila Jumapili. Wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa wawaombe watoe Jumamosi moja kwa mwezi, wawalipe nauli na wawape chai, na wawakabidhi waitikiaji wao. Waumini nao, wanaokaa karibu na mlango wa nyuma, waseme wasipoweza kuimba, kwa sababu timu iliyo mbele haiwezi kujua kwa njia nyingine.